Bati la Tano

Mnaponipigia simu siku hizi mnaniuliza mambo ya waya. Waya wa unene gani kwa paneli ishirini, invata ikae wapi isichemke, reli ifungwe kila baada ya hatua ngapi. Najibu, na nafurahi, maana mstaafu akisahauliwa huanza kuongea na kuku. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini sikuruhusu fundi wangu yeyote aguse chakula cha mchana kabla hajamaliza kupaka alama juu ya paa. Mlikuwa mnacheka tu: "Mama Otilia na kopo lake la rangi nyekundu." Leo nawaambia. Magoti yamegoma kupanda ngazi, basi kaeni.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Severin Mbano. Mimi nilikuwa nakata madirisha ya aluminiamu kwenye karakana moja Ruhuwiko. Yeye alikuja kuagiza fremu, akasimama ananitazama ninavyofanya kazi.

"Unapima mara ngapi kabla hujakata?" akaniuliza.

"Mara mbili, mzee."

"Sawa. Mimi napima mara tatu, na ya tatu ndiyo huwa nakosea. Njoo tufanye kazi pamoja."

Nikaenda. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi na mitano, mtu mfupi, mkavu, wa maneno machache. Mguu wake wa kushoto uliumia ujanani, alipoanguka na baiskeli akitoka Namasakata na gunia la korosho, na haukupona sawasawa. Alichechemea. Ukiwa chini ya bati na yeye yuko juu, ulijua ni yeye: ta-ta, kimya kidogo, ta-ta, kimya kidogo. Hukuhitaji kuuliza nani yuko juu.

Kazi zetu zilikuwa mbili kwa pamoja, na yeye hakupenda kuzitenganisha. Tulifunga sola juu ya majengo ya biashara, na tulifunga vizuia jua kwenye kuta zake, yale mapande marefu ya aluminiamu yanayokaa nje ya madirisha. Sisi tuliyaita mapezi, kwa sababu yanakaa ubavuni mwa jengo kama mapezi ya samaki. Wenye majengo wengi walitaka sola tu, maana ndiyo inayoonekana ya kisasa. Severin aliwaambia: "Jua ni mkwe. Unampokea kwa heshima, unampa kiti, lakini kuna vyumba haingii. Ukimwacha aingie chumbani, halafu ununue feni za kumfukuza, utalaumu nani?" Walicheka, kisha wakakubali mapezi.

Kosa langu la kwanza kwake lilikuwa la kuchekesha. Paneli zilikuja na kijitabu, nacho kilisema zitazame kusini. Nikafunga safu nzima ikitazama kusini, nadhifu kama meno ya bibi harusi. Severin alikaa kwenye kivuli cha tangi asubuhi nzima hakusema kitu. Nilipokaza nati ya mwisho akasema, "Vizuri sana. Sasa zigeuze. Kitabu hicho kimeandikwa na watu ambao jua lao liko kusini. La kwetu linatembea zaidi upande wa kaskazini." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. "Ningekuambia ungesahau," akajibu.

Alinifundisha pia kwamba hapa Songea jua halifiki utosini saa sita kamili. Linafika saa sita na nusu na kitu, siku nyingine saa saba kasoro robo. Ukitaka kujua kivuli cha pezi kitaangukia wapi, au kivuli cha tangi kitakula paneli gani, lazima uwe juu ya paa wakati huo na uone kwa macho yako. Ndiyo maana Severin hakula na watu. Wakati watu wanakula, yeye alikuwa anatazama vivuli.

Sasa nasema habari ya lile jengo. Liko mjini, sitasema mtaa. Maduka chini, ofisi katikati, ghorofa ya juu chumba cha fundi cherehani mmoja, Mzee Yasini, Myao wa Tunduru, na vyumba vingine viwili vya biashara. Mwenye jengo, Bwana Ndunguru, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa kutoka Mbinga, mtu mwema lakini mwenye haraka. Upande wa magharibi ulikuwa vioo vitupu, na ikifika alasiri wapangaji walikuwa wanaiva mle ndani.

Paa lilikuwa la bati, lakini katikati ya mabati ya chuma kulikuwa na matano ya plastiki, ya kupitishia mwanga. Manne yalikuwa juu ya korido. La tano lilikuwa peke yake mwishoni, juu ya ngazi, na chini yake hapakuwa na dari. Mnaifahamu plastiki ya namna ile. Ikikaa miaka kadhaa inapigwa na jua, inakauka kama kaki, na vumbi letu jekundu linaifunika mpaka inafanana na bati la chuma. Jicho halitofautishi. Mguu ndio unaotofautisha, na mguu hujua ukiwa umechelewa.

Siku ya kwanza, Severin alinipa kopo la rangi. "Otilia, paka msalaba mwekundu kwenye mabati yote ya plastiki. Matano. Usishuke hujamaliza."

Nikapaka manne. Njaa ilikuwa inanikata, na mama lishe wa pale chini alikuwa na wali na maharage, na ukichelewa unakuta ukoko. Nikajiambia la tano nitalipaka nikirudi. Nikaacha kopo juu, nikashuka.

Sikusikia mtu akipiga kelele. Nilikuwa na kijiko mkononi, nikasikia mlio kama ngoma imepigwa pigo moja. Kisha kimya. Kisha mtu anashuka ngazi mbio akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu." Nilijua kabla sijasimama. Severin alikuwa amelala kwenye kona ya ngazi, vipande vya plastiki juu yake, macho wazi yanatazama juu, kwenye tundu alilopitia, na kipande cha jua kimemwangukia kifuani. Hakufika hospitali.

Siku ile ile Bwana Ndunguru aliniuliza mbele ya watu wote, "Mabati ya plastiki yalikuwa yamewekwa alama?"

Nikasema, "Tulipaka."

Tulipaka. Na manne yalikuwepo pale juu, misalaba myekundu inaonekana vizuri. La tano lilikuwa vipande, limejaa vumbi na damu. Nani angetafuta rangi? Watu wakasema mzee aliteleza, mguu wake ule. Mjane wake, Mama Gaudensia, alinikumbatia msibani kule Msamala, akaniambia pole. Mimi ndiye niliyepewa pole.

Baada ya miezi miwili Bwana Ndunguru akaniita nimalizie kazi. Nilitaka kukataa, lakini ningesema sababu gani? Lile tundu lilikuwa limezibwa kwa bati la chuma. Nikafunga reli, vile vyuma vya aluminiamu vinavyobeba paneli, kutoka kwenye tangi la maji mpaka karibu na pale juu ya ngazi, nikafunga paneli, nikafunga mapezi ukutani. Nilifanya haraka. Kila nilipogeuka nilihisi kuna mtu amekaa kwenye kivuli cha tangi ananitazama, hasemi kitu.

Kazi ikakubalika. Vyumba vikapoa, taa zikawaka, Bwana Ndunguru akafurahi.

Ulipofika Oktoba, joto lilipoanza kupanda kabla ya mvua, Mzee Yasini alinipigia simu.

"Fundi Otilia, umetuma mtu juu ya paa?"

"Hapana, mzee. Kwa nini?"

"Kuna mtu anatembea. Kila siku, saa saba mchana. Anaanzia kwenye tangi, anakuja mpaka karibu na ngazi, anasimama. Nimepanda kuangalia mara mbili. Hakuna mtu. Subhanallah, fundi, ni mchana kweupe."

"Anatembeaje?"

Akagonga meza yake kwa kidole, nikasikia kwenye simu: ta-ta, kimya kidogo. Ta-ta, kimya kidogo.

Nilikata simu. Namwomba Mungu anisamehe, nilikata.

Sikwenda kwa karibu mwezi mzima. Wapangaji wawili wa ghorofa ya juu wakahama. Wasichana wa ofisini wakawa wanashuka chini wote saa saba, hata asiye na njaa. Mwishowe Bwana Ndunguru akanifuata nyumbani. "Otilia, kabla hujafunga vyuma vyako, jengo langu halikuwa na mtu anayetembea juu. Nenda ukanyamazishe kitu hicho, au ufungue kila nati uliyofunga. Chagua."

Nikaenda. Nilipanda saa sita mchana, nikakaa nimegeuzia tangi mgongo, nikangoja. Jua lilikuwa kali, hakuna upepo, mji umetulia kama umeshika pumzi. Ikafika saa saba. Nyuma yangu, hatua moja tu kutoka mgongoni, nikasikia: ta-ta.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilishika rozari mfukoni, na mdomo ukasahau sala. Ta-ta. Ilikuwa imenipita, inakwenda mbele. Nikajilazimisha kufungua macho, na kwa kuwa mimi ni fundi, macho yalikwenda kwenye vyuma. Nikaona mguu wa reli unanyanyuka kidogo, upana wa ukucha, kisha unaanguka. Kisha mguu wa pili. Halafu kimya, halafu miguu miwili inayofuata.

Nilikuwa nimefunga reli zimegusana kichwa kwa kichwa, bila nafasi. Aluminiamu ikipata joto hurefuka, kila fundi anajua, na isipopewa mahali pa kurefukia itajitafutia yenyewe. Ilikuwa inasukumana kutoka kwenye tangi kwenda mbele, mguu mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa nilikosea vipimo, miguu ilikuwa imekaa miwili miwili, halafu pengo. Hiyo ndiyo hatua ya kuchechemea. Niliifunga mimi mwenyewe.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu juu ya paa. Kisha nikaacha kucheka. Chini ya reli, pale mwisho kabisa inapokaribia juu ya ngazi, kulikuwa na waya wa sola. Ile reli ilikuwa imeusugua mwezi mzima mpaka ganda limeisha, shaba inang'aa. Siku chache zaidi na umeme ungeingia kwenye reli, na reli imeshikana na mapezi, na mapezi ndiko wasichana wa ofisini walikokuwa wanatundika kanga na taulo zao za mkono dirishani.

Kesho yake nilirudi asubuhi na vifaa. Jambo moja msisahau: jua halizimwi. Unaweza kukata swichi zote chini, paneli bado iko hai juu kama kuna mwanga. Nilizifunika zote kwa maturubai mazito, nikazifunga kwa kamba, nikapima kwa mita mpaka ikasoma sifuri. Kisha nikautoa ule waya, nikakata reli kwa msumeno, nikaacha nafasi ya kidole kati ya kila kipande. Saa sita na nusu hivi nikagundua matundu ya bolti yanatakiwa kurefushwa ili reli ipate kuteleza bila kuruka. Nikabeba vipande begani, nikafunga mlango wa paa kwa kufuli, ufunguo nikatia mfukoni, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilirudi saa nane, nikamaliza jioni.

Siku mbili baadaye nilikwenda kusikiliza. Nilikaa chumbani kwa Mzee Yasini. Saa saba ikafika, ikapita. Cherehani tu. Yasini akashukuru Mungu, akaniambia, "Sasa nenda kamwambie na yule mama."

"Mama gani?"

"Yule anayekaa kwenye benchi nje, karibu na ngazi. Yuko hapo sasa hivi. Huja kila siku saa hii tangu hatua zilipoanza. Nilidhani unajua."

Nikatoka. Kwenye benchi alikuwa amekaa Mama Gaudensia, kanga kichwani, bakuli lenye kifuniko mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Otilia. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza kumweleza habari ya reli, ya joto, ya vipimo nilivyokosea. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni chuma."

"Ni chuma, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Alikuwa anatazama juu, kwenye lile bati jipya. Na mimi nikatazama, na maneno yakatoka bila kuyaita.

"Mama, bati la tano sikulipaka. Nilipaka manne nikaenda kula. Niliwadanganya watu wote."

"Najua," akasema.

Nilihisi benchi limeondoka chini yangu.

"Alinipigia simu kutoka huko juu," akasema. "Alikuwa akinipigia kila siku saa hiyo, kuniuliza nimekula. Akaniambia, 'Otilia ameacha bati moja, njaa imemshinda mtoto wa watu. Nimesimama hapa nalilinda mpaka arudi, asije akalikanyaga mwenyewe.' Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Asije akalikanyaga mwenyewe."

"Alikuwa analijua? Sasa... alianguka vipi?"

"Ndicho nilichokuja kusikiliza." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za soko. "Niliposikia watu wanasema kuna hatua, nikaja. Zilikuwa zake. Wewe unasema chuma, sikatai. Nilikaa hapa nikazihesabu. Anatoka kwenye tangi, anakuja, anafika pale, anasimama. Kila siku anasimama palepale. Nikawa nasubiri siku atakayopita. Nilijua akipita salama hata mara moja, nitaweza kulala."

"Mama, nisamehe. Sikujua. Nimezinyamazisha."

"Nikusamehe nini? Juzi alipita."

"Juzi?"

"Juzi nilikuwa hapa. Yasini alikuwa amekwenda msikitini. Saa saba akaanza kwenye tangi, akaja, akafika pale. Nikashika moyo. Akapita juu ya kichwa changu, akaenda mpaka mwisho wa paa, sikumsikia tena. Jana na leo ni kimya." Akanigeukia. "Ulikuwa ni wewe, Otilia? Sema kweli. Leo ni siku ya kusema kweli."

Juzi ndiyo siku niliyokuwa natengeneza. Saa saba ya siku ile paneli zilikuwa chini ya maturubai, baridi. Reli zilikuwa zimekatwa, nyingine ziko begani kwangu barabarani. Mlango wa paa una kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu. Na kutoka kwenye bati lile kwenda mwisho wa paa sikuwahi kufunga reli yoyote.

"Hapana, mama," nikasema. "Si mimi. Sikuwepo."

Hakuonekana kushangaa. Akafunua bakuli. Lilikuwa na kande, bado zinatoa mvuke. Kumbe siku zote hizo alikuwa anakuja na chakula na kurudi nacho Msamala. Akamwita Yasini, akanipa mimi kijiko.

"Kuleni," akasema. "Yeye ameshakwenda."

Tulikula pale ngazini, watatu. Kisha akaosha bakuli kwenye bomba la korido, akashuka ngazi, akashikilia ukuta kwa mkono mmoja. Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Ndunguru nikamwambia habari ya bati la tano. Hakunipa kazi tena, na hakuwa na kosa.